Kujichimbia Juu ya Ubao

Kilima cha Salaita si kirefu. Ukitoka Voi kwenda Taveta unakiona kimesimama peke yake kwenye nyika tambarare, na kama hujui yaliyotokea pale unaweza kukipita bila kugeuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916 askari wapatao 6,000 wa upande wa Waingereza walikiendea ili wakitwae. Wengi wao walikuwa Waafrika Kusini waliofika juzi juzi, ambao vita ya nyika hii walikuwa wameisikia tu. Mizinga ilitangulia, ikapiga kileleni, kwa sababu huko ndiko mahandaki yalikoonekana. Kumbe yale ya kileleni yalikuwa ya kudanganyia. Jeshi la Wajerumani, yaani askari Waafrika na maofisa wao, lilikuwa limejichimbia chini kabisa, miguuni pa kilima, nyuma ya miiba na vichaka, na mizinga haikuwa imeligusa. Washambuliaji walipokaribia walipigwa kutoka mahali ambapo hawakupadhania, na kabla ya jioni walikuwa wanarudi nyuma chini ya ulinzi wa Wabaluchi wa jeshi la India.

Kama unatengeneza mchezo wa ubao kuhusu vita hii ya 1914 hadi 1918, au una mchezo wako unaokwenda vizuri na sasa unataka kuutia mahandaki, anzia pale Salaita. Mazoea ya watunzi wengi ni kuchukua kete iliyoandikwa "handaki", kuiweka chini ya kikosi, na kukiongezea kikosi hicho alama mbili za ulinzi. Kanuni hiyo inaandikwa kwa dakika tano, lakini inauharibu mchezo wote. Kila mchezaji atachimba kila mahali, kwa kuwa hakuna sababu ya kutochimba, na kufikia zamu ya sita ubao mzima utakuwa umeganda. Hiyo inaweza kuwa Ufaransa ya 1915. Si vita ya kati ya Voi na Moshi, wala ya Lindi.

Vita ya huku ilikuwa ya kuchimba na kuacha. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alichimba vizuri sana, na karibu kila alichokichimba alikiacha kwa hiari yake. Kwa hiyo kanuni yako impe mchezaji maswali mawili: nichimbe lini, na niondoke lini? Swali la pili ndilo gumu, na ndilo litakalowafanya watu wakae mezani mpaka usiku. Nitakayoyaeleza yote yanalenga huko.

Chagua kipimo kwanza

Kabla ya handaki lolote, amua zamu moja ni muda gani na pembesita moja ni umbali gani. Ukisema zamu ni mwezi mmoja, kuchimba hakuna maana ya kukuhangaisha, kwa sababu ndani ya mwezi jeshi lolote linalotulia mahali litakuwa limekwisha kuchimba. Ukisema zamu ni saa moja, handaki la maana halitakamilika ndani ya mchezo.

Mimi nimetulia kwenye kipindi kimoja: kuanzia shambulio la Salaita, tarehe 12 Februari, hadi mapigano ya Kahe, tarehe 21 Machi 1916. Zamu moja ni siku mbili, pembesita moja ni kilomita tatu, na zamu 20 zinatosha kabisa. Kwa kipimo hiki zamu moja ya kuchimba ni sadaka halisi, maana kikosi kinachochimba hakitembei, na siku mbili katika vita ile zilitosha kwa farasi wa adui kuonekana mahali usipowataka.

Kumbuka pia hali ya mwanzo. Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, kwa hiyo mchezo unapoanza Salaita iwe imekwisha kuchimbwa kwa ukamilifu. Usimlazimishe mchezaji wa Wajerumani kuanza sifuri pale.

Hatua tatu, na bei isiyolingana

Gawa ujenzi katika hatua tatu. Ya kwanza ni mashimo ya kulalia: kila askari na shimo lake na kifusi mbele ya kichwa. Ya pili ni handaki la kusimama, lililounganishwa, ambamo mtu anaweza kupeleka risasi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuonekana. Ya tatu ni hiyo ya pili pamoja na uwanja uliofyekwa mbele, boma la miiba au seng'enge, na mahali palipotengenezwa maalumu kwa bombomu, kama askari wenyewe walivyoiita bunduki ya rashasha.

Sasa angalia dadu. Tuseme mshambuliaji anatupa dadu mbili na anahitaji jumla ya 7 au zaidi. Kati ya matokeo 36, yanayomfaa ni 21, karibu asilimia 58. Hatua ya kwanza ya handaki ikimtaka apate 8, yanabaki 15, asilimia 42. Hatua ya pili ikimtaka 9, yanabaki 10, asilimia 28. Hatua ya tatu ikimtaka 10, yanabaki 6 tu, asilimia 17. Utaona kwamba hatua ya kwanza inampunguzia asilimia 16, ya pili 14, ya tatu 11. Faida inapungua kadiri unavyoendelea kuchimba, na hivyo ndivyo ilivyo ardhini: shimo la kwanza ndilo linalookoa watu wengi kuliko yote.

Bei nayo iende kinyume chake. Hatua ya kwanza igharimu zamu moja, ya pili mbili zaidi, ya tatu nne zaidi. Anayetaka boma kamili atoe zamu saba, siku 14 kati ya 40. Wapo watakaotoa. Wengi wataishia hatua ya pili, wakiwa wanatazama kwa wasiwasi upande wa kaskazini, ambako adui anaweza kuwazunguka, na wasiwasi huo ndio unaoutaka mezani.

Nani anachimba, na anakula nini

Bei hizi sikuzitoa hewani. Siku moja niliamka alfajiri na mpwa wangu, tukachukua sururu moja, mabeleshi mawili na jembe, tukaenda nyuma ya nyumba kuchimba handaki la urefu wa hatua tatu, kina cha kifua. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu, laini, na kwa nusu saa tulijiona mashujaa. Chini ya magoti tukakutana na moramu. Sururu ikawa inaruka, beleshi likawa linakwaruza tu, na mpini ulianza kunichubua kiganja chini ya kidole kidogo, mahali ambapo hata glavu haisaidii. Ilipofika saa nne jua likawa limetufikia mgongoni. Tulikuwa kiunoni tu. Kijana akaegemea beleshi lake akaniuliza, "Mjomba, hawa waliokuwa wanachimba walikuwa wanakula saa ngapi?"

Swali hilo lilibadilisha mchezo wangu wote. Nilikuwa nimeandika kanuni ambamo askari wanachimba, askari wanapigana, na chakula kinafika chenyewe. Katika vita hii chakula kilifika kichwani mwa mtu. Kampuni moja ya jeshi la Wajerumani ilikuwa na askari kati ya 160 na 200 na kwa kawaida bombomu mbili, na nyuma yake ulikuwepo msururu wa wapagazi wengi kuliko askari wenyewe. Upande wa Waingereza, watu walioandikwa katika kikosi cha wapagazi ndio walioacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na wengi hawakuandikwa majina popote. Mchezo wowote wa vita hii usio na kete za wapagazi umewafuta mara ya pili.

Kwa hiyo weka kete za wapagazi, chache, na kila zamu kila kete ifanye kazi moja tu: ibebe chakula na risasi, au ichimbe. Askari wakiwa peke yao wanaweza kufika hatua ya kwanza. Ya pili na ya tatu zidai kete ya wapagazi iliyokaa pale pale na isiyobeba kitu. Papo hapo mchezaji ataelewa kwa nini jeshi linaweza kushiba au kujificha, lakini mara chache yote mawili kwa pamoja.

Na maji usiyasahau. Nyika kati ya Maktau na Salaita ni kavu, na Waingereza ilibidi walaze bomba la maji kutoka milima ya Bura ili wakae kule mbele. Kikosi kilichojichimbia mbali na maji kipoteze nguvu kila zamu mbili kisipopelekewa. Kanuni hii ni ya mstari mmoja, lakini itawaondoa watu wengi kwenye vilima vizuri.

Udongo, mawe na masika

Hapa nitapita haraka, maana jedwali dogo linatosha. Udongo wa volkano kuelekea Kilimanjaro: bei ya kawaida. Kilima cha mawe: huchimbi, unapanga mawe, kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya kawaida ila ya tatu haiwezekani. Udongo mweusi wa mbuga: wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, ongeza zamu moja. Masika yakianza, handaki lolote la mbugani lishuke hatua moja kila zamu mpaka mvua ikome. Katika kipindi nilichokichagua mvua kubwa zinakuja mwishoni, na zikishakuja mwendo wa pande zote mbili unakwama. Mchezaji wa Wajerumani anaweza kuyangoja masika kama mtu anayemngoja ndugu aje kumsaidia.

Handaki lina uso

Handaki limetazama upande fulani. Chora mshale kwenye kete. Pembesita ina pande sita. Tatu za mbele zipate ulinzi kamili, mbili za ubavuni nusu yake, na ya nyuma isipate kitu. Kulifanya handaki litazame kwingine kugharimu zamu moja, nafuu kuliko kuchimba jipya.

Faida ya mshale itaonekana siku handaki linapoachwa. Kete isiondolewe ubaoni kikosi kinapoondoka. Ibaki pale, na adui akiingia alikute linatazama alikotoka yeye, mgongo ukiwa wazi kwa wenyewe waliolichimba. Mchezaji mwenye akili ataanza kuwapa adui mahandaki kwa makusudi, kisha kuwapiga wakiwa ndani.

Sasa turudi kwenye kile kilele cha Salaita. Tengeneza kete za mahandaki zenye uso na mgongo, na uziweke kifudifudi. Kwa kila kete mbili za kweli mpe mlinzi moja ya uongo. Ya uongo isigharimu kazi ya wapagazi, zamu moja tu ya askari, kwa kuwa ni kukwangua udongo mpaka ng'ambo waone rangi yake. Penye kilima, mlinzi aandike kwa siri kama watu wako juu au miguuni, na mshambuliaji atangaze mizinga yake inapiga wapi kabla karatasi haijafunuliwa. Akikosea, mizinga isipunguze chochote, na askari wake waingie wakidhani kazi imekwisha kufanyika.

Upelelezi upunguze giza hilo lakini usiliondoe. Kufikia 1916 Waingereza walikuwa na ndege huku. Ndege iruhusiwe kufunua kete moja kwa zamu na kusema kama udongo umechimbwa. Isiruhusiwe kusema kama kuna watu ndani, maana kutoka juu udongo unaonekana na mtu aliye chini ya mti haonekani. Kwa watu, tuma doria kwa miguu, nayo ikubali kupigwa. Kuna na jambo la moshi. Kampuni kadhaa za Wajerumani bado zilikuwa na bunduki za muundo wa 1871, zenye baruti ya moshi mweusi. Kampuni yenye bunduki hizo ikifyatua kutoka kwenye handaki lililofichwa, ifunuliwe hapo hapo. Kampuni yenye bunduki mpya ibaki imejificha mpaka adui afike pembesita ya jirani. Kanuni hii inamfanya mchezaji afikirie ni nani amweke mbele, jambo ambalo makamanda wa kweli walilazimika kulifikiria.

Risasi zina mwisho

Handaki zuri hula risasi. Januari 1915 pale Jasini, kaskazini ya Tanga, Wajerumani waliizunguka ngome ya Waingereza mpaka ikasalimu amri. Lakini Lettow-Vorbeck alipohesabu maofisa aliowapoteza na risasi alizotumia, aliona wazi kwamba ushindi wa namna ile hauwezi kurudiwa mara nyingi. Miaka miwili na zaidi baadaye, Mahiwa, ndani kutoka Lindi, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, alijichimbia kwenye mgongo wa ardhi na Waingereza wakamwendea uso kwa uso, mara baada ya mara. Wanigeria na Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, walipigana pale kwa ukakamavu wa kutisha. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya wasiofika 5,000. Hata hivyo aliyeondoka uwanjani ni Lettow-Vorbeck. Risasi zilikuwa zimekwisha, majeruhi hakuweza kuwabeba wote, na mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Kwa hiyo kila pambano ambalo mlinzi amelipigania akiwa kwenye handaki la hatua ya pili au ya tatu, atoe kete moja ya risasi, mbili kama ametumia bombomu. Upande wa Waingereza kete hizo zirudi kwa reli kutoka Voi. Upande wa Wajerumani zirudi kwa uchache mno, au zitekwe kutoka kwa adui, kama zilivyotekwa kwa wingi Tanga mwaka 1914. Mchezaji wa Wajerumani ajue tangu mwanzo kwamba anaweza kushinda mapigano yote na bado akaishiwa.

Mlango wa kutokea

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," na mchezaji aliyechimba zamu saba atakataa kutoka. Nimemwona kijana mmoja akikaa kwenye kilima cha Latema zamu nane, anaangalia kete yake ya hatua ya tatu kama mtu anayeangalia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, wakati van Deventer, kamanda wa wapanda farasi wa upande wa Waingereza, na watu wake wanapita Chala, wanashuka, wanafunga njia ya Moshi. Hakuna aliyemshambulia. Chakula kilikatika, na mchezo wake ukaisha pale.

Lettow-Vorbeck hakukaa. Mapema Machi 1916 Jan Smuts, aliyekwisha kushika uongozi wa jeshi la Waingereza, hakurudi kuigonga Salaita kwa uso. Alituma jeshi lizunguke kaskazini, na Salaita ikaachwa bila pigano la maana. Kisha usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi Waingereza waliparamia vilima vya Latema na Reata. Ulikuwa usiku mbaya: vikosi vilitawanyika gizani, Luteni Kanali Graham wa Keya aliuawa, na makundi machache tu yalining'inia karibu na kilele yakiwa hayajui wenzao wako wapi. Kulipopambazuka walijiandaa kwa pigano jingine wakakuta mahandaki matupu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa kuwa njia yao ya nyuma ilikuwa hatarini.

Ili jambo hili liwezekane mezani, kutoka kwenye handaki kuwe na kanuni yake. Anayetoka wakati adui yuko jirani na ni mchana, apigwe dadu moja mgongoni. Anayetoka usiku, kwa amri aliyoiandika kabla ya zamu kuanza, atoke salama, na mshambuliaji asijue mpaka kesho yake atakapotupa dadu kushambulia pembesita isiyo na mtu. Hapo mshambuliaji awe amekwisha kutumia mizinga yake, risasi zake na zamu yake. Alama za ushindi za mlinzi zitokane na siku alizomchelewesha adui na vikosi alivyoviokoa, wala kilima chochote kisiwe na alama kwake. Kwa mshambuliaji ni tofauti: kilima kimpe alama ndogo, kampuni aliyoinasa ndani ya handaki impe alama kubwa. Kanuni hizi mbili za alama ni muhimu kuliko jedwali lolote la udongo, na ukikosa nafasi katika kijitabu chako, futa ya udongo ubakize hizi.

Ukiwa unaandika mchezo wa kompyuta, mambo ni yale yale isipokuwa usiri unakuwa rahisi, kwani mashine inajua kunyamaza. Hatari iko kwa yule adui anayeendeshwa na programu. Ukimfundisha kuchimba bila kumfundisha kuhesabu njia yake ya kurudi, atakaa ndani mpaka umzunguke kila mara. Mpe hesabu moja ya kila zamu: je, adui anaweza kuifikia njia yangu ya chakula kabla yangu? Jibu likiwa ndiyo, atoke usiku huo.

Unapoujaribu mchezo, weka daftari pembeni na uandike vitu viwili kila mara: zamu ambayo mlinzi alichimba, na zamu ambayo aliondoka. Safu ya pili ikibaki tupu katika michezo mitatu mfululizo, handaki lako ni rahisi mno, au alama zako bado zinapenda vilima. Safu ya kwanza ikibaki tupu, bei imezidi. Usianze na zamu zote 20. Panga jioni ya tarehe 11 Machi peke yake: Latema na Reata zimechimbwa hatua ya pili, wapagazi kete mbili, risasi kete tatu, na giza linaingia. Mpe mwenzako upande wa Wajerumani, na usimwambie van Deventer yuko wapi.